Mwebrania ni Mtu wa Namna Gani? Neno la Kale Juu ya Kuvuka na Kukaa

(Mazungumzo ya redio juu ya amani. Yameandikwa kwa ajili ya jamaa waliokimbia makwao, wakuu wa mitaa na machefu wa vijiji. Likasi.)



Kuna ulizo moja ambalo kila mtu aliyekimbia makwao amelisikia: "Wewe ni mtu wa wapi?" Mama anafika na mizigo kichwani, watoto wako nyuma yake, na mara nyingi anaulizwa hivyo kabla hajapewa maji ya kunywa. Ulizo lenyewe si baya. Linaweza kuwa mwanzo wa urafiki: mtu anatafuta kujua kama mna lugha moja, au kama mnajuana jamaa. Lakini sisi wa Likasi tunajua pia kwamba ulizo hilo hilo linaweza kuwa mlango wa mateso. Hapa mjini kuna watu waliofukuzwa nyumbani mwao kwa sababu ya jibu lao.

Leo ninataka tulitazame ulizo hilo kwa njia ya neno moja la Biblia. Wengi wetu tunalisikia kila siku ya Mungu, lakini hatuulizi maana yake. Neno hilo ni Mwebrania. Ni jina la watu, ni jina la asili yao. Tukifungua ndani ya jina hili tutaona jambo ambalo viongozi wetu hawakutuambia wakati walipotugawanya.

Neno lenyewe

Katika lugha ya Kiebrania, Mwebrania anaitwa ivri. Neno hilo lina herufi tatu za shina: ayin, bet na resh. Shina hilo linasomwa avar, na maana yake ni kuvuka, kupita toka upande mmoja kwenda upande wa pili. Toka shina hilo wanapata neno ever, yaani ng'ambo. Basi ivri, kwa namna neno linavyosikika, ni mtu wa ng'ambo, mtu aliyevuka.

Kiswahili chetu kinaweza kutusaidia hapa. Kiebrania na Kiarabu ni lugha za jamaa moja. Waarabu nao wana shina hilo hilo, abara, maana yake kuvuka. Kutoka kwa Kiarabu, Kiswahili kiliazima neno kuabiri, yaani kusafiri kwa chombo, na neno abiria. Kila mtu anayepanda gari la moshi pale gare ya Likasi ni abiria. Kumbe jina Mwebrania na jina abiria ni watoto wa nyumba moja. Mwebrania ni ndugu wa abiria.

Mtu wa kwanza anayeitwa hivyo katika Biblia ni Abramu, katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 14. Karne ya 3 kabla ya Kristo, Wayahudi waliokaa Misri walitafsiri Torati kwa Kigiriki. Walipofika mahali pale hawakuandika jina la kabila. Waliandika neno la Kigiriki lenye maana ya mvukaji. Ndiyo kusema kwamba watu wa zamani wenyewe walisikia kuvuka ndani ya jina hilo.

Maelezo matatu ya chanzo

Wenye elimu hawakubaliani wote juu ya chanzo cha jina hili. Yako maelezo matatu makubwa.

La kwanza ni la ukoo. Katika vizazi vya Shemu, kitabu cha Mwanzo kinamtaja mzee mmoja aitwaye Eberi. Abrahamu ni wa uzao wake. Basi wengine wanasema Waebrania ni watu wa Eberi, kama vile sisi tunavyotaja watu kwa jina la babu yao. Lakini tazama: hata jina la babu huyo lina shina lile lile la kuvuka.

La pili ni la mto. Kitabu cha Yoshua, sura ya 24, kinawakumbusha Waisraeli kwamba baba zao wa zamani walikaa ng'ambo ya Mto, yaani Frati, na waliabudu miungu mingine. Abrahamu alitoka huko. Basi Mwebrania ni mtu aliyetoka ng'ambo ya mto.

La tatu linatoka nje ya Biblia. Mwaka 1887, huko Misri, mahali panapoitwa Tell el-Amarna, watu walichimbua barua za udongo za karne ya 14 kabla ya Kristo. Ni barua za wafalme wadogo wa Kanaani kwa Farao. Ndani yake wafalme hao wanalalamika juu ya watu wanaoitwa Habiru. Hao hawakuwa kabila moja. Walikuwa watu waliotoka makwao: wakimbizi, wadeni waliotoroka, vibarua, askari wa kukodishwa, na wengine wanyang'anyi. Wengi wa wenye elimu waliona kwamba Habiru na ivri yanafanana. Wengine wanakataa, na mabishano hayajaisha.

Mimi si mwalimu wa Kiebrania, nilisomea sheria, na sitakata shauri hilo. Ninataka tuone jambo moja tu. Kati ya watu walioishi na Habiru alikuwako mwana wa mfalme. Jina lake Idrimi. Jamaa yake ilipatwa na fujo katika mji wa Aleppo, huko Siria, wakakimbia. Idrimi alivuka jangwa, akakaa miaka saba kati ya Habiru katika nchi ya Kanaani. Halafu alipata ufalme katika mji wa Alalakh. Sanamu yake ilichimbuliwa mwaka 1939, na habari zake zimeandikwa juu ya sanamu hiyo. Basi neno hilo halikuonyesha damu ya mtu. Lilionyesha hali iliyompata. Hata mwana wa mfalme aliweza kuingia ndani yake, na aliweza kutoka.

Ndugu unayelala leo katika nyumba ya wengine, ushike jambo hilo. Kukimbia ni hali iliyokupata, si kabila lako na si tabia yako.

Nani alilitumia jina hilo?

Jina la mtu lina midomo miwili: mdomo wa mwenye jina na mdomo wa yule anayemwita. Katika Biblia watu hao, wakiwa wao kwa wao, mara nyingi wanajiita wana wa Israeli. Jina Mwebrania linatokea mara thelathini na kitu tu, na mara nyingi linatoka kinywani mwa wageni, au linatumika wakati wa kusema na wageni.

Msikilize mke wa Potifa. Yusufu amekataa kulala naye. Mwanamke anawaita watu wa nyumba na kumshitaki. Lakini kabla ya kusema kosa, anasema asili: mume wangu ametuletea Mwebrania. Kwanza kabila, halafu kosa. Tena hasemi "ameniletea", anasema "ametuletea". Kwa neno hilo moja anawafanya watumishi wote kuwa upande wake, hata wao ambao hawakuona kitu. Ndugu zangu, mkisikia kiongozi anaanza hivyo, mjue anafanya kazi gani. Mwizi ni mwizi. Ana jina lake na kosa lake. Anayesema "mtu wa kabila fulani ameiba" hatafuti mwizi. Anatafuta kundi.

Mtazame Farao, mwanzo wa kitabu cha Kutoka. Anaogopa hesabu: watu hawa wamekuwa wengi, vita ikija watajiunga na adui. Hakuna kosa lililofanyika bado, kuna hofu tu. Kutoka katika hofu hiyo inatokea amri ya kuwaua watoto wanaume. Lakini wakunga wawili, Shifra na Pua, wanakataa kuua. Kwa Kiebrania maneno yale yanaweza kusomwa kwa namna mbili: wakunga Waebrania, au wakunga wa wanawake Waebrania. Yosefo, mwandishi Myahudi wa karne ya kwanza, alifahamu kwamba wakunga hao walikuwa Wamisri. Kama ndivyo, watu wa kwanza kuwaokoa Waebrania walikuwa majirani wa kabila la yule mwenye amri.

Na mtazame Yona ndani ya mashua. Tufani ni kali, mabaharia wanamwuliza maulizo manne kwa mara moja: kazi yako nini, umetoka wapi, nchi yako gani, wewe wa watu gani. Yona anajibu: mimi ni Mwebrania. Mabaharia hao ni watu wa mataifa, miungu yao ni mingine. Yona mwenyewe anawaambia wamtupe baharini. Lakini kwanza wanapiga makasia kwa nguvu wakitafuta kumfikisha nchi kavu. Walijua asili yake, na walijua kwamba tufani imekuja kwa ajili yake. Hata hivyo walijaribu kumwokoa.

Sisi wa Likasi, nani hakuvuka?

Sasa turudi kwetu. Mji huu una jina lake tangu 1966. Mbele ya hapo uliitwa Jadotville, kwa jina la Mbelgiji Jean Jadot. Nchi hii ilikuwa na wenyeji wake mbele ya Wazungu, Wasanga na wengine, na wao walijua kuyeyusha shaba zamani sana. Hilo tuliseme wazi, tusilifiche.

Lakini tangu zamani watu walivuka kuja. Katikati ya karne ya 19, Msiri alitoka magharibi ya Tanzania ya leo na watu wake, wakaitwa Wayeke, wakajenga Bunkeya. Askari wa safari iliyotumwa na Mfalme Leopold wa Pili walimwua Msiri tarehe 20 Desemba 1891. Leo Wayeke ni wenyeji wa Katanga, na jina la Bunkeya ni heshima ya jimbo. Mwaka 1958 chama cha Conacat kilianzishwa ili kuwatetea waliojiita Wakatanga wa kweli. Kati ya wakubwa wake wa kwanza alikuwa Godefroid Munongo, mtu wa ukoo wa Msiri. Sisemi hivyo kwa kuchokoza. Ninasema ili tuone kwamba mvukaji wa jana anaweza kuwa mwenyeji wa leo.

Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910. Kazi ilikuwa nyingi, watu wa kusini ya Katanga walikuwa wachache. Kampuni ilitafuta wafanyakazi Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, halafu Kasai, Lomami, na hata Rwanda na Burundi. Mwaka 1928 reli ya BCK iliunganisha Katanga na Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo. Mwaka 1929 kiwanda cha Shituru kilianza kazi. Kampuni ilitaka mfanyakazi akae na mke na watoto katika kambi, asirudi kwao. Kwa hiyo baba wa Kasai hakuja kama mtalii. Aliitwa, alipelekwa kwa gari la moshi, alipewa nambari na chombo cha kuchimbia.

Wazee wetu wanasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake tunaijua: mgeni asikae bure. Lakini methali hiyo ina upande wa pili. Ukisha kumpa jembe, hawezi tena kuwa mgeni. Umemweka katika kazi ya nyumba. Huwezi kula mavuno yake miaka sitini, halafu kumwambia kwamba ulikuwa unamkaribisha tu.

Hata mipaka yenyewe inavuka. Katanga iliitwa Shaba katika siku za Mobutu, ikarudia jina lake mwaka 1997. Mwaka 2015 iligawanywa kuwa majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Mtu wa Manono aliyekaa Likasi mwaka 2014 alikuwa ndani ya jimbo lake. Mwaka uliofuata alikuwa mtu wa jimbo lingine. Hakuinua hata mguu. Mpaka ndio uliovuka.

Yaliyotupata

Chuki haikuanguka toka mbinguni. Wakoloni waliwaweka wengi wa watu wa Kasai katika kazi za ukarani na za ufundi, na wenyeji waliona wanaachwa nyuma katika nchi yao wenyewe. Katika uchaguzi wa manispaa wa Desemba 1957 huko Elisabethville, waliotoka nje ya Katanga ya kusini ndio walioshika komini za watu weusi. Huzuni ya wenyeji ilikuwa na sababu. Lakini hao waliogawa kazi walikuwa wakubwa wa kampuni na wa serikali ya kikoloni. Adhabu iliwaangukia majirani.

Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza Katanga kuwa nchi ya peke yake, na jambo hilo likaisha Januari 1963. Katikati ya siku zile, mwaka 1961, makumi ya maelfu ya Waluba wa Kasai walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa huko Elisabethville, na baadaye wengi walipelekwa Kasai.

Miaka thelathini baadaye mambo yalirudi. Tarehe 15 Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa huko Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu, mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Gavana wa Shaba alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza. Katika mikutano na katika redio watu wa Kasai waliitwa bilulu, yaani wadudu. Vijana wa chama walipita nyumba kwa nyumba. Hapa Likasi mambo yalilipuka mwaka 1992, na Kolwezi mwaka 1993. Watu waliozaliwa hapa, na ambao wazazi wao walizaliwa hapa, waliambiwa warudi Kasai ambayo hawajaiona hata siku moja. Maelfu walikaa gare ya Likasi na katika mashule, miezi kwa miezi, wakingojea gari la moshi la kwenda Mwene-Ditu na Kananga. Watoto walikufa kwa surua na kuhara pembeni ya reli. Reli iliyowaleta babu zao kwa kazi ndiyo iliyowachukua wajukuu bila kitu. Ndoa za makabila mawili zilivunjika. Viwanda vilipoteza mafundi, na mji ukawa maskini kwa watu wote, hata kwa wale waliochukua nyumba za waliofukuzwa.

Mnajua mwisho wake? Mwaka 2016 Kyungu na Tshisekedi walikuwa pamoja katika muungano mmoja wa upinzani, Rassemblement. Tshisekedi alikufa mwaka 2017, Kyungu mwaka 2021. Wanasiasa waligombana, wakapatana. Tunashukuru kwa mapatano yao. Lakini mtoto aliyezikwa pembeni ya reli hakurudi. Kijana anayetumwa leo kuchoma nyumba ya jirani afikiri juu ya hilo kabla ya kushika kiberiti.

Jinsi jina la dharau lilivyogeuka sheria

Wana wa Israeli walifanya nini na jina lao la dharau? Wangeweza kulisahau. Walipopata nchi wangeweza kusema: sasa sisi ni wenyeji, habari za kuvuka zimekwisha. Torati inakataa njia hiyo.

Kiebrania kina maneno mawili ambayo yanafaa kwa viongozi wetu. La kwanza ni ezrach, mwenyeji. Katika Zaburi ya 37 neno hilo linatumika kwa mti ulioota mahali pake penyewe. La pili ni ger. Tunalitafsiri mgeni, lakini ger si mgeni wa siku mbili. Ni mtu aliyetoka kwingine na anakaa kati yenu, hana shamba la ukoo, hana ndugu wa kumtetea barazani. Ni yule ambaye siku hizi tunamwita deplase. Torati inasema nini juu ya hao wawili? Kitabu cha Kutoka, sura ya 12, kinaweka sheria moja kwa mwenyeji na kwa ger. Kitabu cha Walawi, sura ya 19, kinataka ger atendewe kama mwenyeji na apendwe, na kinatoa sababu: ninyi wenyewe mlikuwa ger katika Misri.

Torati haikuishia katika maneno. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 26, mkulima anajaza kikapu matunda ya kwanza ya shamba lake na kukipeleka mbele ya kuhani. Pale, kikapu kikiwa kimejaa, anapaswa kusema kwamba baba yake alikuwa mtu wa kutangatanga aliyeshuka Misri na watu wachache. Siku ambayo mtu anaweza kujisifu zaidi kwamba hii ni nchi yangu, siku hiyo ndiyo anayoagizwa kukumbuka kwamba alivuka. Halafu anakula na kufurahi pamoja na ger. Ingekuwaje kama kila kiongozi wa mkoa wetu, siku ya kuapishwa, angetaja mbele ya watu wapi babu zake walitoka?

Neno kwa waliokuja

Sasa niseme na ninyi mliokimbia. Wengine mlitoka Mitwaba au Pweto mbele ya Bakata Katanga. Wengine mlitoka Kasai baada ya vita vya Kamwina Nsapu vya mwaka 2016 na 2017. Kuwa mtu aliyevuka hakukupi ruhusa ya kumdharau uliyemkuta. Biblia yenyewe haifichi kwamba wana wa Israeli walipovuka Yordani, wenyeji wa Kanaani waliumia.

Mtazame Abrahamu katika Mwanzo sura ya 23. Sara amekufa, na Abrahamu hana mahali pa kumzika. Anasimama mbele ya wana wa Hethi na kukiri kwamba yeye ni ger kati yao. Anainama mbele ya watu wa nchi. Efroni anasema atampa shamba bure. Abrahamu anakataa, anapima shekeli 400 za fedha mbele ya mashahidi wote langoni pa mji. Hakujificha alikotoka, na hakunyang'anya. Alifuata njia ya wenyeji, akapata kaburi la mke wake kwa haki, mbele ya watu. Ninyi pia, mkitafuta shamba au kiwanja, pelekeni neno kwa chefu na kwa mkuu wa mtaa, muwe na mashahidi, muwe na karatasi. Mambo yanayofanyika mbele ya wote ni vigumu kuyageuza kuwa fitina.

Na sheria ya nchi yetu?

Wengine watasema: hayo ni mambo ya kanisa. Basi tusome sheria ya nchi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 13, inakataza kumbagua Mkongomani kwa sababu ya kabila lake, asili ya jamaa yake au mahali anapokaa. Kifungu cha 30 kinampa kila mtu aliye katika nchi haki ya kutembea na kukaa anapotaka, na kinakataza kumlazimisha Mkongomani kuhama mahali anapokaa siku zote. Kifungu cha 51 kinaipa serikali kazi ya kulinda maisha ya pamoja ya makabila yote. Na ninyi machefu, kifungu cha 207 kinatambua mamlaka yenu ya kimila, na kinawapa wajibu wa kuendeleza umoja wa taifa. Uchefu wenu na wajibu huo vimeandikwa katika kifungu kimoja.

Tusidhani kwamba mwaka 1992 sheria ilikosekana. Amri-sheria nambari 66-342 ya tarehe 7 Juni 1966 ilikuwa imekwisha kukataza chuki ya rangi na ya kabila. Sheria ilikuwako miaka 26. Waliokosekana ni watu wa kuisimamia. Kwa hiyo, ninyi wakuu wa mitaa, amani ya Likasi haitalindwa na karatasi iliyo Kinshasa. Italindwa na ninyi, siku kijana wa kwanza anapopita barabarani akiita jirani yake mdudu, nanyi mkamwita siku hiyo hiyo, mbele ya wazazi wake.

Ndugu zangu, watu wataendelea kuulizana "wewe ni mtu wa wapi?" Tusiogope ulizo hilo. Kila mtu ajibu bila haya: mimi ni Msanga, mimi ni Mluba, mimi ni Mbemba, mimi ni Mlunda. Asili ya mtu ni zawadi. Lakini anayeuliza amalize kwanza kumpa aliyefika maji ya kunywa. Na akisha kusikia jibu, aseme na la kwake: wapi babu yake alivuka, na nani alimpokea.

Amani ikae katika nyumba zenu.

Maulizo ya kuzungumza pamoja katika vikundi

1. Babu na bibi zetu walifika Likasi kutoka wapi, mwaka gani, na kwa kazi gani? Kila mmoja asimulie.

2. Katika mtaa wetu, watu waliokuja wanaitwa kwa majina gani? Majina gani ni ya heshima, na yapi ni ya dharau?

3. Wenyeji wana malalamiko gani ya haki ambayo hayajasikilizwa? Nani anaweza kuyasikiliza bila kumtwika jirani lawama?

4. Siku maneno ya chuki yakianza tena, nani atakwenda kwa nani, siku ile ile? Tuandike majina.